Masafa ya Tiba: Maradhi ya Akili na Ulevi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Hakuna aila katika pwani ya Kilwa ambayo, ikipatwa na msiba wa mtoto kurukwa na akili, hukaa kitako bila ya kufanya lolote. Kabla ya juma kwisha, baba atakuwa amekwisha kumwendea mwalimu wa chuo ili mgonjwa asomewe, kombe limeandikwa kwa zafarani, limeoshwa na kunywewa, ubani umefukizwa, ramli imepigwa, na pengine mbuzi ameuzwa au gunia la ufuta limetolewa kwa bei ya hasara ili ipatikane ijara ya mganga wa kijiji cha pili ambaye sifa zake zimevuma. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ipo dhana iliyozoeleka mijini, tena hata miongoni mwa watu wenye elimu, kwamba wagonjwa wa akili wa vijijini hawapati tiba kwa kuwa jamaa zao ni wajinga, au hawajali, au wamefungwa na ushirikina. Dhana hiyo si ya haki. Watu hawa hujali hadi wakafilisika. Kinachowashinda ni masafa: masafa ya njia baina ya kitanda cha mgonjwa na mtu aijuaye dawa, na masafa ya wakati baina ya dawa iliyopatikana leo na ile ambayo haitapatikana mwezi ujao.

Ramani ni shahidi wa kwanza. Mkoa wa Lindi una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 66,000, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu wapatao milioni moja na laki mbili, yaani hata watu 20 hawafiki kwa kila kilomita moja ya mraba. Wilaya ya Kilwa, yenye karibu laki tatu kati ya hao, inaanzia kaskazini ya Somanga, inapita Tingi na Nangurukuru, ikashuka hadi mto Mbwemkuru. Upande wa machweo ina milima ya Matumbi na mapori yanayoelekea Liwale, na upande wa bahari ina visiwa vya Songo Songo, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambavyo watu wake hawafiki hospitali ila kwa chombo na kwa kutegemea hali ya bahari. Hospitali ya wilaya ni Kinyonga, iliyopo Kilwa Kivinje. Hospitali ya mkoa ni Sokoine, iliyopo Lindi mjini. Na hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili ni Mirembe, iliyopo Dodoma, zaidi ya kilomita 700 kwa njia ya Dar es Salaam. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakichachamaa kusini yote ilitengwa na sehemu nyingine za nchi. Na hata baada ya lami kukamilika, kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani hii mwezi Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara kuu katika eneo la Somanga, magari ya abiria na ya mizigo yakakwama pande zote mbili.

Sasa tuseme yupo kijana wa miaka ishirini hivi, wa kijiji kimoja cha milima ya Matumbi, upande wa Kipatimu, ambaye kwa miezi michache alianza kujitenga na wenzake, kisha akawa halali usiku, kisha akawa anajibizana na watu wasioonekana, na mwishowe akakataa chakula cha mama yake kwa kuamini kwamba kimetiwa sumu. Dalili hizi, zikidumu, ndizo za maradhi ambayo matabibu huyaita skizofrenia, maradhi yanayowapata watu wachache katika kila watu 1,000 wa taifa lolote duniani, matajiri na masikini, na ambayo aghalabu huanza katika umri uleule ambao kijana anatarajiwa kuoa, kulima shamba lake na kuwashika mkono wazee wake. Mgonjwa huyu hawezi kusafiri peke yake. Atahitaji mtu wa kumshika kushoto na mtu wa kumshika kulia, basi nauli ni za watu watatu, kwenda na kurudi, kutoka mlimani hadi Njia Nne, na kutoka Njia Nne hadi Nangurukuru na Kivinje. Na kama anapiga makelele, wako makondakta watakaokataa kumpakia, basi itabidi likodiwe gari zima, au afungwe kamba. Baba anayemfunga mwanawe kamba mbele ya abiria hafanyi hivyo kwa ukatili. Amekwisha kumbembeleza usiku kucha.

Akifika hospitali, tiba yenyewe si ghali wala si ya ajabu. Tangu kloropromazini ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952, dunia imepata dawa zinazotuliza sauti na hofu za maradhi haya, na katika hospitali zetu zinazotumika zaidi ni hiyo pamoja na haloperidoli, na kwa wale wasioweza kumeza vidonge kila siku ipo sindano ya flufenazini ambayo hudungwa msulini na kufanya kazi kwa majuma kadhaa, ndiyo maana wengi huiita sindano ya mwezi. Lakini dawa hizi zina tabia zake, na ni faradhi kuzijua. Katika siku za mwanzo shingo ya mgonjwa huweza kupinda upande mmoja, ulimi ukawa mzito, taya likakaza, mikono ikatetemeka, au miguu ikakosa utulivu hata asiweze kuketi. Jamaa wakiyaona hayo bila ya kuelezwa, huona kwamba hospitali imemwongezea mtoto wao ugonjwa juu ya ugonjwa, wakazitupa dawa chooni. Ilhali kipo kidonge kingine, cha bei ndogo, kinachoondoa ukakamavu huo kwa muda mfupi. Neno moja la muuguzi siku ya kwanza, alisemalo kwa upole na kwa lugha ya nyumbani, huokoa tiba ya miaka.

Na juu ya hayo yote, mwezi ujao safari ni ileile. Tunaweza kuyasikia mazungumzo yao pale dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgonjwa wetu hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi. Tangu mmchome ile sindano analala, na juzi amekwenda shamba na ndugu zake. Ila nauli imenishinda, mwanangu. Mwezi huu nimekopa."

Hapa ndipo tiba inapokatika, pale inapoanza kuzaa matunda. Mgonjwa amepata nafuu, kwa hiyo haonekani tena kuwa na haja ya safari ya gharama. Sindano moja ikakosekana, ya pili ikakosekana, na baada ya miezi miwili mitatu sauti zikarudi kwa nguvu zaidi. Kijiji kizima kikashuhudia, na kikatoa hukumu ambayo kwa ushahidi kilio nao ni hukumu ya busara kabisa: dawa ya hospitali ilijaribiwa, ikashindwa. Watu wengi hulaumu imani za vijijini kwa hukumu hiyo. Mimi nailaumu nauli, na ninailaumu rafu tupu ya dawa, kwa maana yako maneno mawili ambayo wagonjwa wa vijijini huyasikia mara nyingi kupita yote baada ya safari ndefu, nayo ni haya: dawa hakuna.

Nchi hii haikuanza jana kushughulika na maradhi ya akili. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga makazi ya watoto waliookolewa katika biashara ya watumwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 makazi yale yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya mwanzo katika Afrika Mashariki. Mirembe ilifunguliwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1927. Tadbiri ya zama zile ilikuwa ni kumtoa mgonjwa kwao na kumweka mbali, nyuma ya ukuta, na waliotoka pwani ya kusini wakapelekwa nchi ya ukame ambayo hawakuijua hewa yake wala chakula chake, na wengi wao jamaa zao hawakuwa na uwezo wa kuwafuata. Fikra ilibadilika baada ya uhuru. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Denmark na Shirika la Afya Duniani, Tanzania ilijaribu mpango mwingine katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro: watumishi wa kawaida wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kuyatambua maradhi makubwa ya akili na kifafa, wakapewa dawa chache za lazima, na wauguzi wenye ujuzi wakawa wanawazungukia kuwasaidia. Mpango ule ulithibitisha kwamba jambo linawezekana, kwamba tabibu wa zahanati aweza kumtunza mgonjwa wa akili kama anavyomtunza mgonjwa wa malaria, akipewa mafunzo, dawa na mtu wa kumuuliza. Ufadhili ulipopungua, ukapungua na mwendo. Mwaka 2008 ikapitishwa Sheria ya Afya ya Akili, na mwaka mmoja kabla yake serikali ilikwisha kutangaza azma ya kuwa na zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Majengo mengi yamesimama. Wenye ujuzi ndio adimu: nchi nzima haina hata daktari bingwa mmoja wa akili kwa kila watu laki moja, na hao waliopo aghalabu wako Dar es Salaam, Dodoma na miji mikubwa mingine.

Maadamu hali ni hiyo, si ajabu kwamba mganga ndiye wa kwanza kufikiwa. Mganga yu karibu, anaongea lugha ya mgonjwa, hana foleni, humsikiliza mtu na jamaa zake kwa saa nyingi, hukubali kulipwa kuku leo na salio baada ya mavuno, na zaidi ya yote humpa mtu jina la jambo linalomsumbua na sababu ya kusumbuka kwake. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam, ukiwalinganisha watu waliokwenda katika zahanati na watu waliokwenda kwa waganga wa jadi, na ilionekana kwamba miongoni mwa wateja wa waganga karibu nusu walikuwa na matatizo ya akili ya kawaida, kama sonona na wasiwasi uliopita kiasi, ambapo miongoni mwa wateja wa zahanati walikuwa kama robo. Huo ni mji mkuu wa biashara, wenye hospitali kila upande. Sembuse Njinjo, sembuse Pande. Mwenye kutaka kuwafikia wagonjwa hawa hana budi kumsalimu mganga kwanza, akae naye, wakubaliane juu ya mambo machache: kwamba asiyelala kwa siku nyingi, asiyekula, mwenye homa na kuweweseka, mwenye kuanguka kifafa, na mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua, hao wafikishwe zahanati upesi, na kombe liendelee pamoja na kidonge. Kuna waganga ambao hupiga wagonjwa na kuwafukiza moshi hadi wakazimia, na hao hawana udhuru. Lakini mwenye hekima miongoni mwao anajua ni mgonjwa gani amemshinda, na anatafuta mahali pa kumpeleka bila ya kuvunjiwa heshima.

Na asije mtu akadhani kwamba kumpeleka mgonjwa hospitali ni kinyume cha dini ya wazee wetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu, hasira na wasiwasi kuwa ni maradhi yenye tiba zake kama homa ilivyo na tiba yake. Mjini Kairo, Sultani Qalawun alijenga mwaka 1284 hospitali iliyopokea wagonjwa wa kila namna, wa akili wakiwemo, bila ya kuwatoza. Ibn Battuta aliiona hospitali ile na kuistaajabia kabla ya kusafiri akaingia Kilwa mwaka 1331. Na Kilwa aliyoingia ilikuwa mji wa wanachuoni waliokuwa na mawasiliano na nchi zile. Shehe wa leo anayemwambia mzazi, msomee mwanao na umpeleke Kinyonga, anafuata nyayo za kale.

Kifafa nakitaja peke yake, ijapokuwa kwa hakika ni maradhi ya ubongo, kwa kuwa vijijini huhesabiwa pamoja na wazimu na huhudumiwa na muuguzi yuleyule. Ng'ambo ya mapori makubwa ya Selous, kule Mahenge, daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kiasi cha mwaka 1960 kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro, baada ya kuwakuta wagonjwa waliotengwa, wanaolishwa kwa chombo chao peke yao, na waliojaa makovu ya moto kwa kuangukia mekoni. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo kuliko karibu dawa zote za kifafa, na wengi waliokuwa wakianguka kila juma wakakaa miezi bila ya kuanguka. Na kule kutengwa hakukuwa na msingi, kwani mate ya mgonjwa hayaambukizi. Katika pwani yetu kifafa cha watoto mara nyingi hufuata malaria iliyopanda kichwani au uzazi uliokuwa mgumu mno, na anayemkuta mtu aliyeanguka hana la kufanya ila kumwondoa penye moto na maji, kumlaza ubavu, na kumngojea. Asimtie kijiko mdomoni, na asiogope kumshika. Ila fenobabitoni ina sharti moja kali, nalo ni kwamba ikikatwa ghafula kifafa huweza kurudi mfululizo, mshtuko juu ya mshtuko, hata kikaua. Kwa hiyo zahanati inayoishiwa na dawa hii kwa majuma mawili haijamwacha mgonjwa pale alipokuwa mwanzo. Imemtia hatarini zaidi.

Sasa nije kwenye ulevi. Msimu wa korosho ukifika, mabibo huanguka chini ya mikorosho kwa wingi usiolika wote, na watu huyakamua wakapata uraka, na uraka wakautonesha motoni wakapata nipa, ambayo ni gongo ya huku kwetu. Ni msimu huohuo ambao fedha za mnada zinaingia mifukoni. Mwanamume aliyekuwa akinywa kwa furaha ya mavuno hujikuta baada ya miaka michache hawezi kushika jembe asubuhi kabla ya kutia kidogo kinywani ili mikono iache kutetemeka, na huo mtetemeko ndio alama kwamba mwili umekwisha kuwa mtumwa. Ningependa kila msomaji alishike jambo lifuatalo, kwani wengi hulijua kinyume: mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akiacha ghafula, anaweza kufa. Siku ya kwanza hutetemeka na kutoka jasho; siku ya pili huweza kuanguka kifafa; siku ya tatu huweza kuweweseka, akaona wadudu ukutani, asijue alipo. Hutokea kwamba mlevi mwenye nia njema anaiacha nipa siku ya kwanza ya Ramadhani kwa kumcha Mungu, na ifikapo siku ya tatu jamaa wanaita msomaji wa kumtoa jini, na saa zinapotea. Tiba yake ipo hospitalini, nayo ni diazepamu kwa vipimo vinavyopunguzwa siku hadi siku, maji ya kutosha, na vitamini B1 ambayo huulinda ubongo wa mnywaji. Ni siku chache tu. Baada ya hapo ndipo inapoanza kazi ndefu ya kukaa bila ya kunywa, ambayo haifanywi na daktari peke yake.

Unga ni habari nyingine, na nyuma yake iko bahari. Heroini inayotoka Afghanistan husafirishwa kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, ikakatiza Bahari ya Hindi hadi kwetu, na mwambao wa kusini wenye mikoko mingi na doria chache umewapendeza wasafirishaji. Mwezi Januari 2012 zilikamatwa mkoani Lindi zaidi ya kilo 200 za heroini, nazo zilikuwa miongoni mwa shehena kubwa kupata kukamatwa nchini hadi wakati ule. Mwaka 2021 jahazi lililokuwa na raia wa Iran lilikamatwa katika bahari ya Kilwa na zaidi ya kilo 850 za heroini na methamfetamini. Shehena zikienda Ulaya, makombo hubaki njiani. Yako makete yanayouzwa katika vijiwe vya pwani, na wako vijana waliokwenda Dar es Salaam kutafuta maisha wakarudishwa kwao na jamaa wakiwa wamekwisha kuwa mateja. Mtu mwenye arosto huumwa mifupa yote, hutapika, huhara, hutokwa machozi na kamasi, halali. Anaamini kwamba anakufa, ingawa arosto ya unga, tofauti na ile ya pombe, kwa nadra humwua mtu mzima mwenye siha.

Tanzania ilikuwa mbele katika jambo hili, na inastahiki sifa yake. Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya majimaji inayozuia arosto na kiu ya unga, kisha Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye kliniki zikafika Dodoma, Mbeya, Mwanza na mikoa mingine. Kila asubuhi mgonjwa hufika dirishani, hutajwa jina, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, hunywa maji juu yake, na husemeshwa maneno mawili matatu ili ithibitike kwamba amemeza. Utaratibu huu umewarudisha kazini na majumbani maelfu ya watu. Lakini ni utaratibu wa mjini kwa asili yake. Kijana wa Songo Songo hawezi kufika dirishani kila siku, wala mvuvi anayekwenda dago kwa majuma mawili, wala mkulima wa Kipatimu; na anayehamia mjini kufuata dawa huhamia palepale ulipo unga, bila ya mama wala shamba wala msikiti uliomlea. Nyumba za upataji nafuu zinawapokea wengine, nazo nyingi ziko mjini na hudai ada ambayo familia ya mvuvi haina. Huko Marekani iliruhusiwa mwaka 2017 sindano ya buprenofini inayofanya kazi kwa mwezi mzima. Ni ghali kwa sasa, lakini naamini dawa ya namna hiyo ndiyo inayoiafiki pwani kama yetu, na wenye kupanga mambo ya afya wafaa kuanza kuiulizia bei yake mapema.

Siyo kila mgonjwa anahitaji dawa. Wako wengi mno ambao huja zahanati wakilalamika kwamba kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, usingizi hauji, na ukiwauliza kwa utaratibu wanasema kwamba wana mawazo: mume amekwenda na hakurudi, mtoto amefariki, deni la pembejeo limekua. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, kuwafunza akina bibi kumi na wanne kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wa namna hii, si kuwapa nasaha za juujuu, bali kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia hatua moja. Na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamekwisha kufika Zanzibar. Kilwa na Lindi zina hazina ambayo Harare haikuwa nayo, kwani wapo makungwi, wanawake waliokwisha kuaminiwa na siri za wari na za ndoa, wenye kujua kunyamaza. Sioni ni nani angefaa zaidi kukalia benchi lile.

Lipo jambo la sheria ambalo haliwezi kuachwa. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, na matokeo yake vijijini ni kwamba jamaa humficha mtu wao aliyekunywa dawa ya kupulizia mikorosho, wakasema alikosea chupa, na baada ya kutapishwa hurudishwa katika nyumba ileile na simanzi ileile. Mahakama Kuu ya Kenya ilikitengua kifungu cha namna hiyo mwezi Januari 2025, na sisi hatuna sababu ya kubaki nyuma.

Kwa wenye wagonjwa, haya machache. Mwendapo hospitali chukueni vidonge na makaratasi yote ya zamani, na msifiche dawa za mganga, kwani tabibu anahitaji kujua zilizomo mwilini. Mama aliyejifungua karibuni akianza kukosa usingizi, kuongea ovyo au kumwogopa mtoto wake, msingoje arobaini. Maradhi hayo hutibika vizuri yakiwahiwa, na yakicheleweshwa huwa hatari kwa wote wawili. Msikate dawa kwa sababu ya nafuu. Mwezi wa Ramadhani muulizeni tabibu kama vidonge vyaweza kunywewa baada ya futari na wakati wa daku, na akisema haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa yake. Na mnyororo na mkatale visiwe jawabu: kifundo cha mguu huoza, na akili haitulizwi na chuma. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza desturi hii katika nchi zipatazo 60, na karibu kila mahali sababu ilikuwa ileile, kwamba karibu na nyumba hapakuwa na huduma.

Kwa wenye mamlaka ninalo ombi moja, na si la kujenga Mirembe nyingine. Kila mwezi, kwa huduma ya mkoba, watumishi wa afya hupanda pikipiki na mashua wakazifikia sehemu zisizo na zahanati, wakiwa na sanduku la chanjo za watoto, na akina mama huijua siku yao na kukusanyika. Katika safari hiyohiyo ingewezekana kupakiwa sindano za flufenazini na makopo ya fenobabitoni, ambavyo tofauti na chanjo havihitaji barafu, pamoja na daftari lenye majina ya wagonjwa wa kila kijiji na tarehe ya sindano ya kila mmoja, ili asiyeonekana siku yake aulizwe nyumbani kwake jioni ileile, kabla ya sauti kurudi na kabla ya baba kwenda kukopa nauli.